Barua kwa Mwanangu: Kopo la Baruti la Mzee Jirani

Pumwani, Nairobi

Mwanangu Zuhura,

Assalaam aleikum. Sisi huku ni wazima, alhamdulillahi. Mama yako anakusalimu na anauliza kama lile koti zito limefika, au bado unavaa sweta juu ya sweta.

Ujumbe wako nimeusoma, na ile picha ya kopo nimeikuza mpaka macho yakauma. Usilitumie. Kama umeshalifungua, lifunike vizuri uliondoe kwenye meza unayojazia baruti kwenye maganda ya risasi, halafu ndiyo uendelee kusoma.

Unasema mzee jirani yako amekupa baruti iliyombakia, lebo imechubuka, kinachosomeka ni namba 4831 peke yake, na amekuhakikishia kwamba "4831 ni 4831 tu." Mzee huyo namshukuru sana. Amekufundisha kulenga, amekuonyesha milima ya huko Montana, na nyama aliyokugawia mwaka jana mama yako bado anaisimulia kwa majirani. Ila kwa hili hapana. Kuna 4831 ya chapa ya Hodgdon na kuna 4831 ya chapa ya IMR, na hizo ni baruti mbili. Ya IMR inaungua upesi zaidi. Ukichukua kipimo cha juu kilichoandikiwa ile ya Hodgdon, ukakijaza kwa ile ya IMR, presha itapanda kupita iliyokusudiwa, nawe umeegemeza shavu kwenye kitako cha bunduki hiyohiyo.

Mkanganyiko huu una historia yake. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Bruce Hodgdon wa Kansas alinunua baruti iliyobaki kwenye maghala ya jeshi la Marekani akaiuzia wawindaji kwa bei nafuu. Kulikuwa na 4895, iliyokuwa ikijazwa kwenye risasi za bunduki za askari, za aina iitwayo 30-06, na 4831, iliyotolewa kwenye risasi za mizinga ya milimita 20. Akiba ile ilipokwisha zikatengenezwa mpya, kila mtengenezaji kwa namna yake, namba zikabaki zilezile. Ndiyo maana leo utakuta 4350 zaidi ya moja, 4895 zaidi ya moja, na 4831 zaidi ya moja. Herufi zilizotangulia namba ndizo zinazokuambia umeshika nini, na kwenye kopo la mzee herufi ndizo zilizochubuka! Hata zingekuwepo, kopo lililofunguliwa na mtu mwingine huwezi kujua kama kilichomo ndicho kilichoandikwa. Usijaribu kubahatisha kwa rangi wala kwa umbo la punje, maana zote ni vijiti vyeusi vya kijivujivu. Waulize zimamoto wa hapo Billings namna ya kuiteketeza, na mzee umwambie kwa adabu kwamba baba amekataa. Nilaumu mimi, sina neno.

Sasa swali lako lenyewe: uchague baruti gani kwa 30-06 yako na vichwa, ile sehemu ya risasi inayoruka, vyenye uzito wa greni 180?

Anza na kinachotokea ndani ya ganda. Baruti ya bunduki hailipuki kama watu wanavyosema, inaungua, na inaungua juujuu ya kila punje. Fataki, kile kiwashio kidogo kwenye kitako cha ganda, ikishapigwa, moto unaenea, gesi inajaa, kichwa kinaanza kusukumwa, na kadiri kinavyokwenda mbele ndivyo nafasi nyuma yake inavyopanuka. Kazi yako ni kulinganisha kasi ya kuungua na kasi ya nafasi hiyo kupanuka. Makuti yakishika moto yanaisha papo hapo. Gogo la mkoko linakaa. Baruti ya bastola ni makuti. Ukiitia nyuma ya kichwa kizito ndani ya ganda kubwa, gesi yote inatoka kabla kichwa hakijasogea, na chuma ndicho kinachobeba mzigo. Upande wa pili, baruti ya polepole kupita kiasi inafika mdomo wa mtutu haijamaliza kuungua: moto mkubwa nje, masizi ndani, na mwendo unaobadilika risasi kwa risasi.

Watengenezaji wanaipunguza kasi kwa njia kadhaa. Punje inafanywa kubwa, au inapakwa dawa ya kuzuia moto usikimbie mwanzoni, au kijiti kinatobolewa katikati ili kiungue nje na ndani kwa pamoja. Nje kunapungua huku tundu likipanuka, na gesi inatoka kwa mfululizo ulio sawa. Kuna inayotengenezwa kwa nitroselulosi peke yake, na kuna iliyoongezwa nitrogliserini. Ya pili ina nguvu zaidi kwa uzito uleule, lakini moto wake ni mkali zaidi na kwa kawaida mtutu unalika mapema.

Kwa 30-06 na kichwa cha greni 180 uko upande wa polepole kiasi, ukoo wa 4350 na jirani zake. Ingekuwa risasi ya aina ya 308 na kichwa cha greni 150, ningekurudisha kwenye za kasi ya kati kama 4895 au Varget. Zile jedwali zinazopanga baruti kutoka ya kasi hadi ya polepole zisome kwa kujua nani yuko karibu na nani, basi. Hazina vipimo ndani yake. Baruti mbili zinazofuatana kwenye jedwali zinaweza kutofautiana sana zikiwa ndani ya ganda lako, na kipimo cha moja si kipimo cha nyingine. Kipimo kinatoka kwenye kitabu cha mtengenezaji wa baruti au wa vichwa, kwa kichwa ulicho nacho, si kwa rafiki wala kwa baba.

Mimi ningechukua H4350, yaani 4350 ya Hodgdon. Sababu ya kwanza inajaza ganda. Kipimo kinachofika karibu na shingo ya ganda kinaungua kwa namna moja kila mara, na faida kubwa zaidi, ukisahau ukamimina mara mbili baruti inafurika mezani na unaiona. Baruti inayojaza nusu ya ganda inakuficha kosa hilo.

Sababu ya pili ni baridi, na hapa niruhusu nikurudishe Nairobi kidogo. Lile duka la bunduki nililofanyia kazi ujanani, kabla ya uwindaji kupigwa marufuku mwaka 1977, lilikuwa likiletewa risasi za kila aina, na baadhi zilikuwa bado na kodaiti ya Waingereza, ile baruti ya nyuzi ndefu za kahawia iliyoanza mwaka 1889. Kodaiti ilikuwa na tabia moja mbaya: ikipata joto, presha inaruka. Risasi iliyokuwa na adabu Uskoti ikishinda juani Voi, ganda linang'ang'ania ndani ya chemba na mwindaji hawezi kulitoa, na nyati hasubiri. Ndiyo sababu Waingereza waliyatengeneza yale maganda makubwa ya bunduki za Afrika na India, kama 416 Rigby ya mwaka 1911: nafasi ni nyingi, presha inaanzia chini, hata jua likiiongeza haifiki pabaya. Fundi wangu alikuwa akinipa ganda mkononi, nipitishe kucha kwenye kitako chake kabla hajaniambia chochote.

Tatizo lako ni hilohilo kwa upande wa pili. Unajaribu risasi zako Julai kwenye joto, halafu msimu unafunguliwa mwishoni mwa Oktoba unaingia Novemba, umelala kwenye theluji. Baruti nyingi zinapungua nguvu kwenye baridi, na risasi inaanguka chini kuliko ulivyozoea. H4350, inayotengenezwa Australia, ni ya kundi la baruti za Hodgdon zilizoundwa zisiyumbishwe sana na joto wala baridi. Hazijakingika kabisa, na kinyume chake pia ukikumbuke: risasi iliyo kwenye kikomo wakati wa baridi itavuka kikomo ukiiacha kwenye dashibodi ya gari juani.

Ubaya wake ni kwamba ni vijiti. Kwenye kile kipimia cha kuzungusha mkono vinakwama na kukatwa, utasikia vikikwaruza, na kila mmwago unatofautiana na mwenzake. Baruti ya punje za mviringo, ambayo Fred Olsen aliibuni kule Western Cartridge miaka ya 1930, inamiminika vizuri zaidi, na ukitaka kujaza nyingi kwa haraka hiyo ndiyo raha yake. Lakini mara nyingi inataka fataki yenye moto mkali zaidi, hasa kwenye baridi, na wewe unajaza chache za kuwindia, unakimbilia wapi? Pima kila moja kwa mizani. Ratili moja ina greni 7,000. Kwa ganda lako hiyo ni risasi 120 hivi, tosha kwa majaribio na msimu wenyewe. Nunua makopo mawili yenye namba moja ya toleo ukiweza kuyapata, maana siku hizi nasikia inaadimika, na toleo likibadilika unashuka chini kuanza tena.

Kuhusu mwendo. Najua utatazama safu ya futi kwa sekunde kwenye kitabu na jicho litakwenda kwenye namba kubwa. Vijana wote ndivyo walivyo, na wazee wengine pia. Tofauti ya futi 50 mnyama haijui. Anachokijua ni kichwa kilipompata. Na usimsikilize anayekuambia mtutu wako mfupi unataka baruti ya kasi zaidi. Ile inayotoa mwendo mkubwa kwenye mtutu mrefu, kwa kawaida ndiyo inayoutoa kwenye mfupi, utaona tu mwali mkubwa zaidi mdomoni.

Anzia kipimo cha chini cha kitabu. Kitabu kisipotoa cha chini, toa asilimia kumi kwenye cha juu. Panda kidogo kidogo, na ukibadilisha chochote, iwe fataki, ganda au kichwa, rudi chini. Usishuke pia chini ya kilichoandikwa ukidhani huko ndiko kwenye usalama zaidi. Kipimo haba cha baruti ya polepole kimewahi kushukiwa kuharibu bunduki. Kopo moja tu mezani, mengine kabatini. Ukimaliza, rudisha baruti kwenye kopo lake la asili, usiiache kwenye kipimia, kesho utajiuliza ni ipi. Chumba kiwe kikavu na chenye ubaridi, watoto wasifike. Ukifungua kopo ukapata harufu chungu ya asidi au ukaona vumbi jekundu kama kutu, hiyo imeharibika.

Haya yote unayafanya huko kwa sababu sheria ya huko inakuruhusu. Ukija likizo usilete hata ganda tupu kwenye begi. Hapa hakuna mtu anayejitengenezea risasi bila leseni, na mimi sitaki kukufuata JKIA kwa wakili.

Utazamapo ganda lililopigwa, usikimbilie fataki peke yake. Watu wengi wanaikagua fataki, wakiona kingo bado za mviringo wanaridhika, na presha imeshapita kikomo. Kwa 30-06 kikomo cha Wamarekani ni pauni 60,000 kwa inchi ya mraba, na baadhi ya fataki huonekana nzuri hata juu ya hapo, nyingine hubapa hata kwa kipimo cha kawaida. Ishara ninayoiamini zaidi ni mkono: komeo likianza kuwa zito kuinua, simama, usipige nyingine. Kisha geuza ganda utafute alama inayong'aa kwenye kitako, pale shaba ilipojisukuma kwenye tundu la kitoa-ganda. Ukipitisha kucha utausikia ukingo wake. Ukiipata, zilizobaki za kipimo hicho zifungue zote. Na fataki mpya ikiingia kwenye ganda kwa kulegea, ganda hilo limetanuka, litupe.

Suala la bismillahi kabla ya kufyatua hukuniuliza, najua unalifanya. La nyama ya bunduki muulize shehe wa huko, nami nitamuuliza wa hapa, tuone kama watakubaliana.

Ukishapata kopo jipya, jaza chache za kila kipimo, na kila kipimo kiwe na karatasi yake ya shabaha. Ukirudi nyumbani yapange maganda mezani kuanzia kipimo cha chini, vitako vikitazama juu, uyapige picha karibu na dirisha, bila taa ya simu maana inafuta alama. Nitumie kwa simu ya mama yako. Yangu imejaa video za harusi ya binamu yako.

Baba yako