Kwa Wafula, kuhusu Mbwa na Gari Lililofungwa

Milimani, Kisumu

Ndugu Wafula,

Pokea salamu zangu, wewe na jamaa yote hapo Nakuru. Kwa kuwa unakusudia kuja huku na mbwa wako Simba, kisha umfungie garini kandokando ya barabara ya Oginga Odinga huku wewe ukishughulikia mambo yako benki, nimeona nilijibu kabla hujafunga safari swali lako la sheria: je, ni kosa kumwacha mbwa ndani ya gari lililofungwa, na itakuwaje mpita njia akivunja kioo ili amwokoe?

Kifungu cha sheria kinachotaja gari lililoegeshwa hakipo, lakini hilo lisikupe faraja. Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, inamtia hatiani mtu anayemsababishia mnyama mateso yasiyo ya lazima, awe ametenda jambo au ameacha kulitenda, na tena inamhesabu mwenye mnyama kuwa ameruhusu ukatili iwapo hakumtunza wala kumwangalia inavyostahili. Kwa hiyo kumweleza hakimu kwamba foleni ya benki ilikuwa ndefu hakutakusaidia sana. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 3,000, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Najua faini hiyo utaicheka, na kweli imepitwa na wakati, ila kifungo hakichekeki, na mahakama inaweza pia kukuondolea umiliki wa mbwa mwenyewe.

Usiseme kwamba utaacha kioo wazi kidogo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha mwaka 2005 matokeo ya vipimo vyao: ndani ya gari lililoachwa juani joto lilipanda kwa wastani wa nyuzi 22 za Selsiasi katika saa moja, sehemu kubwa ya ongezeko hilo ikitokea katika nusu saa ya kwanza, na kufungua vioo kidogo hakukuleta nafuu ya maana. Wewe umezoea baridi ya Nakuru. Huku ziwani mchana hukaribia nyuzi 30 mara nyingi, basi jumlisha mwenyewe. Mbwa hatoki jasho kama sisi, bali hujipoza kwa kuhema, na joto la mwili wake likipita nyuzi 41 maisha yake yamo hatarini. Ripoti ya daktari wa mifugo itakayoonyesha hivyo ndiyo itakayokufunga.

Kuhusu mpita njia atakayevunja kioo ili amwokoe, hapo sheria yetu ina pengo ninalolisikitikia. Jimbo la California, Marekani, tangu mwaka 2017 linamkinga mtu wa namna hiyo, mradi awe amehakikisha milango imefungwa, amewaarifu wahusika kwanza, hakutumia nguvu kupita kiasi, na amebaki na mnyama hadi afisa afike. Kwetu hakuna kinga iliyoandikwa waziwazi hivyo, na kifungu cha 339 cha Kanuni ya Adhabu kinampa aliyeharibu mali kwa makusudi na kinyume cha sheria kifungo cha hadi miaka 5. Mwenye huruma atalazimika kujieleza kituoni, ingawa kwa jinsi ninavyoujua umati wa mjini hapa, kioo chako kitakuwa kimeshavunjwa kabla mtu hajafikiria vifungu.

Pitia kwangu kwanza, umwache Simba uani chini ya mwembe, kisha uende benki bila haraka. Njoo na kadi yake ya chanjo ya kichaa cha mbwa, kwani mke wangu ataiulizia.

Wako,
Odhiambo