Wahitimu wa Mlimani, ile kofia ipite kila mwaka

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako niongee na wenzangu tuliosoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale tunapopaita Mlimani, na hata nyie mliosoma vyuo vingine naamini haya yatawagusa.

Wiki iliyopita kwenye grupu letu la tuliomaliza 2009 ilitumwa kadi ya mchango wa harusi ya mwenzetu, na kabla ya saa mbili usiku watu 40 na kitu walikuwa washaandika majina na ahadi zao, mwingine elfu hamsini, mwingine laki, mwingine kalipa hapo hapo na skrinshoti kaweka. Nilifurahi kiukweli. Ila nikakaa nikawaza, sisi watu 87 mwaka wa ngapi huu tunachangiana harusi na misiba na ubarikio wa watoto, na ni lini tumewahi kuchangia pale tulipofahamiana? Hamna, hata mara moja.

Na sio kwamba hatujui maana yake. Mwaka wa tatu tulikuwa na mwenzetu chumbani, mkopo wa Bodi ya Mikopo ya wanafunzi alipata ila sio asilimia zote, baba yake mkulima wa pamba na mwaka ule pamba haikulipa, zimebaki wiki mbili UE, ile mitihani ya mwisho wa muhula, zianze bado anadaiwa laki mbili na themanini ya ada. Hakumwambia mtu. Tulishtuka tu usiku mmoja tunamwona anakunja nguo anapanga kwenye begi, tukadhani anaenda kufua, kumbe anajiandaa kurudi kwao kimya kimya. Asubuhi yake CR wetu, kiongozi wa darasa, akavua kapelo akaipitisha benchi kwa benchi kabla mwalimu hajaingia, zikadondoka noti za 500 na 1,000 zimekunjwakunjwa zile za nauli, wengine sarafu, jioni tumekaa kitandani tunahesabu mara mbili mbili ikapungua elfu kumi na nne, na aliyeimalizia ni mama ntilie tuliyekuwa tunakula kwake. Yule bwana akafanya mtihani akafaulu na leo anafundisha fizikia, sijui ni watoto wangapi washapita mikononi mwake.

Mimi ninachoomba ni ile kofia ipite tena, ila ipite kila mwaka.

Nasema kila mwaka kwa makusudi jamani. Wapo wanaosema nikishafanikiwa ntajenga hosteli ntaweka jina langu, sawa, Mungu awajalie, lakini majengo makubwa wenyewe wanaoyaweza wapo, serikali ilijenga mabweni yaliyozinduliwa 2017 yanalaza wanafunzi 3,840 na China wakatujengea ile maktaba iliyofunguliwa 2018 inakaa watu 2,100 kwa mara moja. Sisi wa kawaida nafasi yetu ni kwenye vile vidogo visivyoisha, kemikali za maabara, nauli ya kwenda fildi, kiti cha magurudumu cha mwanafunzi mlemavu, na yule aliyebakiza laki mbili. Hivyo haviwezi kusubiri mtu atajirike. Chururu si ndondondo, hela ndogo inayojulikana itaingia kila mwaka mtu wa hesabu anaweza kuipangia bajeti kabla chuo hakijafunguliwa, ila milioni kumi iliyodondoka siku moja ya maadhimisho ikaisha huwezi kumwahidi mtoto chochote nayo. Piga hesabu wewe mwenyewe, watu 87 kila mmoja elfu ishirini ni 1,740,000, na hilo ni grupu moja tu la mwaka mmoja.

Najua mtaniambia sisi tunakatwa na Bodi asilimia 15 ya mshahara kila mwezi tumeshalipa. Hapana ndugu zangu, ule ni mkopo tunarudisha, unaenda kwa Bodi ili wadogo zetu nao wakopeshwe, na kulipa deni sio kuchangia. Lingine mtasema hela italiwa. Hili nalichukulia kwa uzito maana hata mimi hela yangu naitafuta kwa shida, ndo maana naomba uongozi wa chuo na konvokesheni, yaani umoja wa wahitimu, watutolee kontro namba (namba ya malipo) moja ya kudumu ya wahitimu, tulipe kwa simu kama tunavyolipia maji, na kila mwaka watuambie kiliingia kiasi gani na kimefanya nini, hata ukurasa mmoja unatosha. Mtu akiona elfu ishirini yake ilinunua nini, mwaka kesho humuombi, anakumbusha yeye.

Na marafiki wa chuo msijifiche nyuma yetu. Mwenye nyumba wa Changanyikeni na Msewe unayepangisha wanafunzi, mwenye steshonari ya Mwenge unayetoa kopi mpaka usiku wa manane wakati wa mitihani, mzazi ambaye mwanao kashamaliza na kazi kapata, mlango huo ni wenu pia. Yule mama ntilie hakuwa na digrii.

Kule Yale Marekani wahitimu walianzisha mfuko wao wa kuchangia tangu 1890, lakini sisi hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Chuo chetu kilianza tarehe 25 Oktoba 1961, hakikuanzia mlimani, kilianzia mtaa wa Lumumba kwenye jengo la TANU, jengo la chama cha watu waliokuwa wanalipia kadi kwa senti, na wengi wao hawakukanyaga darasa la chuo maisha yao yote. Mlimani kilihamia 1964. Hao wazee ndo waliotupa paa la kwanza.

Kwa hiyo mimi nimejiwekea tarehe hiyo hiyo, kila 25 Oktoba elfu ishirini yangu inatoka, na nimeshaliandika kwenye grupu. Mpaka naandika barua hii wenzangu 11 wamejiandikisha, na wa kwanza kabisa kuandika jina ni yule mwalimu wa fizikia, kaweka laki mbili na themanini. Tunasubiri kontro namba.

Mwalimu wa sekondari,
Morogoro