Barua kwa madereva chipukizi: ile ishirini mnayoongeza

Wanangu,

Nimeacha usukani kwa sababu ya magoti, si kwa kupenda. Siku hizi nakaa kiti cha abiria, na abiria husikia mengi. Kauli moja ya kwenu inanikosesha usingizi: "Mzee, nimeongeza ishirini tu." Basi leo tuihesabu pamoja hiyo ishirini.

Chukueni magari mawili yaliyo sawa kwa kila kitu, yanakwenda sambamba kwenye lami kavu. Moja lina spidi ya kilomita 80 kwa saa, la pili 100. Mbele kuna mti umeanguka. Magari yote mawili yanaanza kufunga breki mstari mmoja, kwa nguvu zote. La 80 linasimama linaugusa mti kwa bampa, hata rangi haijachubuka. Je, lile la 100 linaufikia mti likiwa na spidi ngapi? Nimewauliza vijana wengi swali hili, na karibu wote hunijibu 20, maana 100 ukitoa 80 unabaki na 20.

Ni 60.

Breki hazili spidi, zinakula nishati, na nishati ya mwendo hupanda kwa spidi zidisha spidi. Themanini mara themanini ni 6,400. Mia mara mia ni 10,000. Kila mita ya breki inapunguza kiasi kilekile kwa magari yote mawili, hivyo hadi kufika kwenye mti kila moja limepunguziwa 6,400. La kwanza limemaliza deni. La pili bado lina 3,600, nayo ni sitini mara sitini. Ndiyo maana mita za mwisho za kusimama ndizo zinazoua spidi nyingi, na aliyezidisha mwendo hazifikii.

Na hapo nimewapendelea, maana nimedhani mguu tayari uko kwenye breki. Dereva aliye macho huhitaji kama sekunde moja kuona, kuamua na kukanyaga. Katika sekunde hiyo la 80 limekwenda mita 22 na la 100 mita 28, breki hazijaguswa. Ukiiingiza sekunde hiyo kwenye hesabu, la pili linaupiga mti likiwa karibu na 70. Dereva aliyechoka huchukua zaidi ya sekunde moja. Anayesoma ujumbe kwenye simu kwa sekunde mbili, akiwa na spidi 100, amekwenda mita 56 akiwa kipofu.

Kwenye lami kavu na tairi nzima, gari dogo la spidi 50 huhitaji mita 14 za kushtuka na 14 za breki, jumla 28. La 100 huhitaji 28 za kushtuka na 56 za breki, jumla 84. Spidi mara mbili, breki mara nne. Mvua ikinyesha na mshiko wa tairi ukashuka hadi nusu, zile 56 zinakuwa 112. Tairi kipara sizitaji, mnazijua.

Sasa ninyi wa malori, najua mnabishana kuhusu uzito. Momenta ni tungamo mara spidi, kwa hiyo lori lenye shehena lina momenta kubwa, hilo halina ubishi. Lakini uzito huohuo unazikandamiza tairi barabarani na kuongeza mshiko, kiasi kwamba kwenye karatasi lori la tani 20 na gari dogo vingesimama umbali mmoja. Shida ni kwamba karatasi haipati joto. Wala karatasi haisubiri upepo unaosukuma breki usafiri kwenye mipira hadi kwenye treila: nusu sekunde tu ya kuchelewa huko, kwa spidi 80, ni mita 11 nyingine.

Joto ndilo nililolipia mwenyewe. Nilikuwa kijana, nina shehena, nikaweka nyutro mteremkoni ili nibane dizeli. Utingo wangu ndiye aliyenusa kwanza. Mara moshi kwenye magurudumu, pedali inakanyagika lakini gari halitii. Nikajaribu kurudisha gia, ikakataa, maana spidi ilishapita uwezo wake. Niliegemeza lori kwenye kingo ya udongo upande wa mlimani. Utingo alivunjika mfupa wa bega, mimi nikavunjika kiburi.

Miaka baadaye ndipo nilipopiga hesabu. Tani 20 zikishuka kimo cha mita 300, breki peke yake zingelazimika kumeza nishati sawa na kulisimamisha lori hilo kutoka spidi 80 mara kumi na mbili mfululizo, bila kupoa. Dramu, ile ngoma ya chuma inayozunguka na gurudumu, ikipata moto hutanuka na kuzikimbia shu zinazoibana kwa ndani, nazo shu zikiungua hupoteza mshiko. Kwenye magari madogo kuna balaa jingine: mafuta ya breki hunyonya unyevu kadiri yanavyokaa. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzi 205, lakini yakishanyonya maji yanaweza kuchemka kwenye 140. Yakichemka huwa mvuke, mvuke unabonyea, na pedali inafika sakafuni.

Kwa hiyo gia nzito iingizwe kabla ya kuanza kushuka, injini ibebe mzigo. Breki zikanyagwe kwa uthabiti, spidi ishuke, kisha ziachiwe kabisa zipoe. Ule mtindo wa kupumzisha mguu juu ya pedali kilomita nzima ndio unaozipika.

Kuhusu mfumo wa breki wa ABS, msiipampu, mkanyage tu na muendelee kuongoza usukani. Kazi yake ni kuzuia gurudumu lisijifunge, kwa sababu gurudumu linaloserereka haligeuki utakako. Kwenye changarawe huru inaweza hata kurefusha safari ya kusimama, kwa hiyo msiitegemee kama hirizi.

Nina ombi moja. Kesho mtafute sehemu iliyonyooka isiyo na magari, mlisimamishe gari, mpige hatua 84 ndefu kwenda mbele, mweke jiwe. Ligeukieni gari mlitazame lilivyo mbali. Kisha usiku mrudi palepale, mwashe taa za dimu, muone kama mnaliona hilo jiwe.

Babu yenu,
dereva mstaafu