Kwa Mussa, Utende

Mussa mwanangu,

Mambo vipi huko Mafia? Huku Ubaruku tuko poa, mpunga umeshachanua na joto kama lote, watu wakisikia Mbeya wanajua wote tunavaa makoti, waje Mbarali waone.

Zile picha za Ghuba ya Chole maji yamekupwa nimeziangalia mpaka chaji ikaisha. Ile ya mkoko ndo imeniua, ukiikuza unaona kwenye kidimbwi katikati ya mizizi vikamba vimejazana, vyenyewe havionekani, macho meusi tu. Mama kaviona akauliza hivi ndo tunavyouziwa bei ya mbuzi?

Ila ile kauli yako kwamba hifadhi ya bahari haituhusu sisi wa bara, hapo hapana kaka. Sikia, Mbarali, Kimani, Chimala, mito yote hiyo inakutana huku bonde la Usangu, maji yanapita kinamasi cha Ihefu yanashuka na Ruaha Mkuu, yanapita mabwawa ya Mtera na Kidatu, yanaingia Rufiji, na Rufiji inamwaga hapo ng'ambo yenu. Delta ile ndo ina msitu mkubwa wa mikoko kuliko wote Afrika Mashariki, na mikoko inataka maji baridi yachanganyike na ya chumvi, inataka na tope la mto, ndo kamba wapate pa kukulia. Sasa tangu 1993 Ruaha inakauka kiangazi kule Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, viboko wanabanana kwenye vidimbwi, na chanzo kiko huku, mabanio yetu ya kuchepusha maji ya mto na majaruba ya mpunga (na mifugo pia, ila sisi wakulima tunapenda kuwasingizia wafugaji peke yao). Mtu kashavuna zamani, banio kaliacha wazi, maji yanapotelea porini. Vibali vya maji vipo, bodi ya bonde la Rufiji iko Iringa pale, ila usiku wa manane nani atakaa analinda banio?

Sisemi tunaua bahari yenu, maji mengi ya Rufiji yanatoka Kilombero bwana, sisi mchango wetu mdogo. Kinachoniuma ni kwamba nyie tangu hifadhi ya bahari ianzishwe 1995 mnaambiwa hapa msivue, wavu huu marufuku, afu huku juu mtu akiambiwa afunge maji baada ya mavuno anaona kaonewa. Kwenye kikao cha skimu yetu ya umwagiliaji nitalisema, wakinizomea poa tu.

Papa potwe wakianza kuonekana Kilindoni, Oktoba hivi, nistue mapema, nauli ya boti ya Nyamisati nimeshaanza kuidunduliza. Na uniambie kama mchele wa Mbarali unauzika huko nije na gunia.

Wako,
Ayubu