Koti la Burton lisirekebishwe kabla ya kukaguliwa

Ndugu Mhariri,

Mafundi cherehani wa Ngamiani, hapa Tanga, wakiletewa koti la mtumba lenye lebo ya Burton, kampuni ya suti ya Uingereza, wajiulize kwanza limeshonwa enzi gani. Montague Burton, mhamiaji kutoka Lithuania, alianzia Chesterfield mwanzoni mwa karne ya 20, kisha akajenga kiwanda kikubwa Hudson Road, Leeds, kilichofikia wafanyakazi wapatao 10,000. Mteja alipimwa dukani, vipimo vikapelekwa kiwandani, na suti ikarudi tayari kwa bei ambayo mfanyakazi wa kawaida aliimudu. Hilo ni jambo kubwa! Maduka yalifungwa mwaka 2021, baada ya kampuni mama, Arcadia, kufilisika.

Makoti ya zamani kwa kawaida yana kanvasi iliyoshonwa, yaani kitambaa cha kati kinachokipa kifua umbo. Mengi ya baadaye tabaka hilo limebandikwa kwa gundi. Bana kifua kwa vidole, chini kidogo ya ukosi, uvute kitambaa cha nje na cha ndani. Ukihisi tabaka la tatu likiteleza katikati, ni kanvasi. Lisipokuwepo, ni gundi, na pasi ya moto mkali au maji ya moto huweza kuifanya iachie, kifua kikafanya malengelenge ambayo ni vigumu kuyarekebisha. Tumia pasi ya wastani juu ya kitambaa chenye unyevu.

Kabla ya kupanua, fumua bitana sentimita chache upime akiba ya mshono wa mgongo, yaani kitambaa cha ziada kilichoachwa ndani ya mshono. Ikiwa sentimita 1 tu, mwambie mteja ukweli: koti haliongezeki. Mabega msiyaguse, kwani kuyapunguza kunalazimu kufumua mikono yote miwili.

Msomaji, Tanga