Mheshimiwa Waziri, mzee aulizwe akiwa bado anaongea

Mheshimiwa Waziri wa Afya, shikamoo. Naandika kwa ajili ya wazee wetu na hawa wanaowauguza nyumbani, hasa mabinti na wakwe, ndo wanaowageuza kitandani, wanawalisha, wanawapeleka kliniki, afu ikija siku ya uamuzi wa matibabu hawaulizwi kitu.

Tunashukuru dirisha la wazee lipo, Sera ya Taifa ya Wazee ipo tangu 2003, na msamaha wa matibabu kwa wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo upo. Ila mzee akipigwa na kiharusi usiku, mdomo haufunguki, hapo ndo balaa linaanza, kaka wa mjini anataka rufaa ya Muhimbili leo leo, baba mdogo anasema mrudisheni nyumbani apumzike, kwenye grupu la ukoo WhatsApp michango inapita huku watu wanarushiana maneno, na daktari kasimama na fomu anauliza nani anasaini. Mwenyewe angetaka nini? Hakuna anayejua, maana hakuna aliyewahi kumuuliza.

Najua watasema kumuuliza mapema ni uchuro, mzee anaweza kukujibu kabisa unaniombea kifo. Lakini wosia wa kiwanja si wanaandika, wengine wanauhifadhi mpaka RITA, ule wakala wa serikali wa usajili na udhamini? Na wosia unafunguliwa mtu akishazikwa, kwa aliyelazwa wodini haumsaidii.

Mbona mama mjamzito anaulizwa mapema, atajifungulia wapi, nani atamsindikiza, usafiri upi, nani atamtolea damu, na hakuna anayesema anatabiriwa mabaya. Wazee wengi wanahudhuria kliniki ya presha na sukari, faili lipo, nesi anawajua. Naomba iongezwe karatasi moja tu humo: nani amsemee akishindwa, angependa auguziwe wapi, mashine au operesheni gani hataki, maumivu yakizidi asaidiwe vipi. Ijazwe taratibu, anayemuuguza akiwepo, na aruhusiwe kuibadilisha muda wowote maana mawazo yanabadilika. Hata wahudumu wa afya ngazi ya jamii wa ule mpango uliozinduliwa 2024 wakifundishwa wanaweza kuanzisha hayo maongezi nyumbani.

Na iwe na nguvu Mheshimiwa, toa waraka kwa waganga wakuu wa wilaya wote. Mzee akiandika kwamba binti yake ndo amsemee, daktari amsikilize huyo binti, hata kama kaka mkubwa ndo kafika na ndo mwenye hela.