Neno la nguvu la Kijapani lisomwe kwanza, ndo lichapwe kwenye fulana

Mhariri,

Naomba unipe nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua niseme jambo lililonikaa moyoni muda mrefu. Ni kuhusu hizi fulana, kofia, vikombe, bangili na vizawadi vingine vyenye maandishi ya Kijapani, hasa yale tunayoambiwa maana yake ni nguvu, uimara au ushujaa. Sina ugomvi na anayevaa, mimi mwenyewe navaa. Ugomvi wangu ni na anayechapa na kuuza neno ambalo hajalisoma.

Dada yangu alifanyiwa upasuaji mkubwa akalazwa wiki kadhaa, siku anatoka nikampelekea fulana nyeupe yenye herufi moja tu nyeusi kifuani, kubwa, imechorwa kama kwa brashi, na kwenye kikaratasi chake waliandika kwamba ni nguvu. Akaipenda sana, ikawa ndo nguo yake ya kwendea kliniki. Mimi wakati huo sikujua Kijapani hata salamu. Baadaye nikaanza kujifunza taratibu, simu mkononi daftari pembeni, na siku za mwanzo kabisa nikafika kwenye kanji, yaani zile herufi za Kijapani zinazobeba maana, nikaikuta ya nguvu, 力, inasomwa chikara, mistari miwili tu basi. Ni kati ya kanji 80 ambazo mtoto wa darasa la kwanza Japani anafundishwa, yaani siyo elimu ya mbali. Nikaenda kuianua ile fulana kwenye kamba nikaiweka kando ya daftari. Siyo yenyewe. Ilikuwa 刀, katana, upanga.

Tofauti yake ni ndogo mno. Kwenye 力 mstari unaoshuka kushoto unaanzia juu, unachomoza kichwa kidogo halafu ndo unaukata ule mstari wa kulala na kuteremka, kwenye 刀 hicho kichwa hakipo, unaanzia pale pale. Tone la wino tu. Mtu ana mshono tumboni, ametembea miezi na neno upanga kifuani, na aliyemvalisha ni mimi mdogo wake. Iliniuma, siwezi kuficha.

Kuna watakaosema aah, nani atajua? Anayesoma atajua. Japani kuna watu zaidi ya milioni 120, na kanji zenyewe asili yake ni China, kwa hiyo Mchina naye akipita anasoma 力 na 刀 bila kuuliza mtu. Na haya hayawapati wanyonge peke yao, Januari 2019 mwimbaji Ariana Grande alijichora tatuu kiganjani akitaka isomeke pete saba, akafupisha maneno ikatoka 七輪. Ukiitazama moja moja unaona saba, unaona kitu cha duara kama pete, lakini zikikaa pamoja Mjapani anasoma shichirin, ambalo ni jiko dogo la mkaa. Fulana unaweza kuivua. Ngozi huivui.

Sasa kuna jambo lingine ambalo mimi naliona kubwa kuliko hata kukosea mstari. Sisi tunasema nguvu kana kwamba nguvu ni moja. Hiyo 力 ni nguvu ya jumla, ya mwili, ya mashine, ya umeme, ya chochote, na inabadilika kufuatana na jirani yake. Ikikaa na 士 inakuwa rikishi, mpiganaji wa sumo, mieleka ya Kijapani, na kabla ya pambano anapewa maji ya kusukutua yanayoitwa chikaramizu, maji ya nguvu, ambayo aliyetoka kushindwa hawezi kumpa mwenzake. Ikitanguliwa na 暴 inasomwa bōryoku, ukatili, kupiga watu. Lakini iweke baada ya 協 upate kyōryoku, ushirikiano, na ukiichungulia hiyo 協 unakuta ndani yake kuna 力 tatu zimebanana, ukijumlisha na ile ya nje ni nne. Niliziona siku moja usiku nikazihesabu mara mbili, nikafurahi peke yangu.

Halafu kuna 強, tsuyoi, ndo "imara" inayopendwa sana kwenye kofia. Ni nzuri, ina upinde upande wa kushoto na kulia chini kuna mdudu, sijazoea kumwona mdudu pale mpaka leo. Nayo ina majirani: benkyō, kusoma masomo, imo humo, na gōtō, ujambazi wa kutumia nguvu, imo vilevile. Mtu akikata neno la herufi mbili akabakiza moja kwa sababu imependeza, au akaongeza ya pili kwa sababu nafasi ilibaki kwenye kikombe, hapo hajui amesema nini.

Na kuna nguvu ambayo haina 力 kabisa. Baada ya tetemeko na tsunami ya Machi 11, 2011, mwishoni mwa mwaka Wajapani walipiga kura kama kila mwaka kuchagua kanji ya mwaka, ile inayoandikwa kwa brashi kubwa pale hekalu la Kiyomizu, Kyoto. Mwaka ule ilishinda 絆, kizuna, kifungo kinachowashika watu pamoja, neno ambalo zamani lilikuwa kamba ya kufungia mnyama asipotee. Kwa mtu aliyefiwa mimi ningempelekea hilo, nisingempelekea imara.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaotengeneza na kuuza ni dogo sana. Kwenye kile kikaratasi kinachoning'inia andikeni herufi inasomwaje na maana yake kamili, siyo "nguvu" tu halafu basi. Kabla mashine haijawashwa mtafuteni mtu mmoja anayesoma Kijapani aiangalie, ni kazi ya dakika moja, ataona kama picha imegeuzwa kushoto kulia au kichwa cha mstari kimekatwa. Na acheni kabisa zile fonti ambazo kila herufi ya A mpaka Z imepachikiwa kanji yake, unaandika jina la mtu inatoka kanji tano, kanji haziko hivyo, hazigawanywi kama alfabeti. Jina la mgeni Wajapani wanaliandika kwa katakana, herufi zao nyingine zisizobeba maana, kwa kufuata sauti. Nasi wanunuzi simu tunazo, piga picha ile herufi, iangalie kwenye kamusi kabla hujatoa pesa, hasa kama unampelekea mgonjwa.

Dada nilimwambia ukweli, nilikaa na lile jambo siku mbili tatu nikaona siwezi. Hakukasirika. Akaniuliza, sasa wewe mdogo wangu ulitaka kuniambia nini? Nikamfungulia daftari nikampitisha kwenye maneno yote, akasimama kwenye 忍, inasomwa nin au shinobu, kuvumilia, kustahimili. Nikamweleza ilivyojengwa: juu ni makali ya upanga, 刃, chini ni moyo, 心. Moyo uko chini ya makali na bado umetulia. Akanyamaza kidogo, akasema hii ndo ile wiki ya pili hospitali.

Halafu tukaona wote wawili kwa wakati mmoja. Hiyo 刃 ni 刀 ile ile ya kwenye fulana, imeongezwa mstari mmoja mfupi unaokata mguu wa kushoto. Na chini ya upanga kifuani nafasi ilikuwepo tele. Tukatandika fulana mezani, tukaweka gazeti ndani wino usipenye mgongoni, akashika maka peni mwenyewe, mimi nimeshika kitambaa kisikunjike. Kwanza kile kimstari kifupi. Kisha moyo, mistari minne, wa mwisho mkono ulimtetemeka kidogo ukatoka mnene kuliko wenzake. Wiki hiyo hiyo akaivaa kliniki.

Msomaji wako wa siku zote